Kwa mnaoitwa usaili wa dizaini kwa mara ya kwanza: nendeni na kazi mnayoweza kuielezea

WinoNaRangi (Kigoma Mjini)

Habari za jioni wakuu.

Wiki hii ofisini kwetu hapa Mwanga tulikuwa tunatafuta dizaina mmoja wa kuanzia, hata asiye na uzoefu. Walikuja vijana saba. Kwa mara ya kwanza nilikaa upande wa wanaouliza, na tangu siku ile sijatulia. Wengi wao wana mkono mzuri kuliko niliokuwa nao mimi wakati ninaanza. Lakini kila tulipofungua kazi na kuuliza "hapa ulikuwa unafikiria nini?", kimya. Mmoja alijibu, "Nilijisikia tu." Mwingine akasema rangi hiyo ndiyo inayotamba sasa. Naamini majibu walikuwa nayo. Hakuna aliyewaambia kwamba yataulizwa.

Nami nilipita palepale. Usaili wangu wa kwanza niliitwa Dar. Nilipanda treni na flashi yenye kazi thelathini na moja, karibu zote nimezifanya kwa kufuata video za mafunzo: matangazo ya soda za nje, viatu vya nje, simu za nje. Hakuna kampuni iliyonituma, wala hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele yangu akaniambia anataka nini. Yule baba aliyekuwa ananihoji alifungua ya tatu, akaegemea kiti, akauliza, "Hii bluu kwa nini?" Nikasema inapendeza. "Inampendeza nani?" Nikatazama meza. Hakufungua ya nne. Nilirudi Kigoma, kilometa 1,200 na ushei za reli, nikimjibu kichwani kituo hadi kituo.

Kilichonifungulia mlango baadaye ni chupa ya mawese.

Mama yangu mdogo anauza mawese Mwandiga. Aliniomba lebo ya chupa zake za lita moja, apeleke madukani. Nikamchorea maandishi mekundu kwenye stika angavu, ile inayopitisha mwanga. Kwenye skrini, juu ya mandhari nyeupe, yaling'aa vizuri sana. Tukabandika, akamimina mafuta, na jina la biashara likapotea mbele ya macho yetu. Mekundu juu ya mawese, nani angeyaona? Mimi nilikuwa sijawahi kuiona lebo yangu juu ya kitu chenyewe.

Mara ya pili nikachapa kwenye karatasi nyeupe pale steshenari. Hiyo ilisomeka siku mbili. Chupa ya mawese haikosi tone linaloshuka shingoni, na karatasi ikinywa mafuta inakuwa kama ile ya kufungia maandazi, unaona upande wa pili. Halafu nikagundua jambo jingine. Lebo niliipa upana wa sentimita 21 kwa sababu ndio upana wa A4. Nikachukua uzi wa kushonea, nikauzungusha kwenye chupa, nikaupima kwa rula: sentimita 25. Ukisimama mbele ya chupa ya duara unasoma vizuri kama theluthi moja tu ya mzunguko. Jina nililokuwa nimelitandaza lote lilikuwa linaanzia kushoto ya chupa na kuishia kulia kwake, mteja anaona herufi za katikati.

La tatu sikulitafuta, lilikuja lenyewe. Ilikuwa Julai. Nilifika kwa mama mdogo asubuhi na mapema, nikakuta mafuta yameganda, yamepauka na kuwa ya manjano yenye weupe. Saa sita mchana chupa ile ile imerudi kwenye rangi ya chungwa lililoiva. Kwa hiyo lebo inatakiwa isomeke juu ya rangi mbili, ya asubuhi na ya mchana. Ndipo nikaweka mkanda wa rangi ya maziwa, maandishi ya kijani kibichi kilichokolea, jina lote ndani ya sentimita 7, stika ya plastiki isiyonywa mafuta.

Usaili wa pili, hapahapa Kigoma, nilikwenda na kazi tatu tu. Mojawapo ilikuwa chupa yenyewe, kwenye kikapu, pamoja na lebo mbili zilizoshindikana. Niliziweka mezani kwa mpangilio, nikaeleza kama nilivyowaeleza hapa. Yule mkubwa wa ofisi aliishika chupa, akaigeuza, akaipeleka dirishani, akasogea nayo hadi mlangoni na kusoma kwa sauti. Sehemu kubwa ya mazungumzo yetu ilikuwa juu ya ile chupa. Kazi nyingine mbili waliziangalia kwa dakika chache. Nilianza kazi wiki iliyofuata.

Sasa, kutoka upande wa meza niliokaa wiki hii, haya ndiyo tuliyokuwa tunayatafuta.

Tuliuliza kila mmoja: kazi hii aliitaka nani, angeitumia wapi, ulianza na nini, ulikataa nini, na leo ungebadilisha nini. Swali la mwisho ndilo lililonionyesha watu. Anayesema "hakuna, ipo sawa" anaogopa. Anayesema "namba ya simu ningeikuza, mteja alilalamika" huyo ameshafanya kazi, hata kama hajawahi kulipwa. Kama ulifanya na wenzako chuoni, sema wazi wewe ulifanya kipande gani. Kijana mmoja alisema "tulifanya" kwa kila kazi hadi tukashindwa kujua yeye ni nani humo ndani.

Mtihani wa vitendo ulikuwa kipeperushi cha A5 cha duka la vifaa vya uvuvi, saa moja. Maelekezo yalikuwa mistari sita na tuliacha kwa makusudi kitu kimoja: hatukusema duka lipo wapi. Wawili tu kati ya saba waliinua mkono kuuliza. Wengine walichora kipeperushi kizuri kinachomwalika mtu asikokujua. Soma maelekezo mara mbili, tafuta pengo, uliza. Hutaonekana mjinga.

Na tahajia jamani. Kipeperushi kimoja kilikuwa kizuri kuliko vyote, mpangilio umetulia, picha ya mtumbwi imekaa mahali pake, na juu kabisa, kwa herufi kubwa: KALIBUNI. Nilisikitika kweli. Wengi wetu huku tunazipishanisha l na r tunapozungumza, na mdomoni hakuna ubaya wowote. Lakini bango likishachapwa nakala 500, gharama ni ya ofisi. Maliza dakika kumi kabla, soma kila neno kwa kidole, ukianzia mwisho kurudi mwanzo ili jicho lisikimbie. Kisha ipunguze kazi kwenye skrini hadi iwe kama kiberiti: kama hujui kinauzwa nini, na mpita njia hatajua. Igeuze pia iwe nyeusi na nyeupe uone kama maandishi bado yanajitenga na mandhari yake.

Kwa mnaoitwa upande wa kurasa za simu na tovuti, mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazosomeka na kila mtu, unaoitwa WCAG, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Ukiitaja hiyo na ukaweza kuonyesha ulipoipima, watakusikiliza.

Mengine mnayajua: fika mapema, chaji laptopu usiku, na wanaotoka Kigoma kwenda Tabora au Tabora kuja huku wasipange kufika asubuhi ile ile ya usaili. Lala mji wenye usaili. Hifadhi kazi kila baada ya dakika chache, umeme hauagi.

Karibuni kwa maswali, nitajibu kila nikipata nafasi.

Kijana wa Gungu

Dada asante sana, umenigusa. Mimi nimeitwa Jumanne, hapahapa mjini. Tatizo langu sina laptopu. Kazi zangu zote nimefanya kwa Canva, ile programu ya kuchorea yenye violezo vilivyo tayari, kwenye simu. Nikae kimya wasijue, au niseme?

WinoNaRangi

Sema mdogo wangu, na useme mapema. Ukificha, mtihani wa vitendo utakuumbua mbele ya kompyuta yenye programu usiyoijua, na hapo watakuona umedanganya wakati ulikuwa umekosa kifaa tu.

Piga simu kesho, uliza kwa heshima: je, kutakuwa na mtihani wa kompyuta, na mnatumia programu gani? Hilo ni swali la mtu anayejiandaa. Kisha tafuta steshenari yoyote Mwanga au Barabara ya Lumumba, omba ukae nao saa mbili tatu jioni wateja wakipungua. Wengi watakubali ukiwasaidia kukata na kupanga karatasi. Usijaribu kujifunza programu nzima. Jifunze kufungua ukurasa wa A5, kuweka picha, kuandika, kupanga vitu kwenye mstari, kutoa PDF. Ofisi ikikosa hela ya leseni, programu za Inkscape (ya kuchora) na Scribus (ya kupanga kurasa) ni za bure, na Scribus inatoa PDF ya rangi za kuchapia.

Canva si aibu. Tatizo linakuja pale kazi nzima inapokuwa kiolezo cha mtu mwingine ulichobadilisha jina. Wanaohoji wanavijua vile violezo kwa macho. Una kazi gani uliyomfanyia mtu wa kweli?

Kijana wa Gungu

Kuna ubao wa bei nilimfanyia kaka yangu, anauza dagaa mwalo wa Kibirizi. Lakini ni ubao tu dada, hauna urembo wowote. Nilikuwa nimepanga kuonyesha bango la albamu ya muziki nililotunga mwenyewe.

WinoNaRangi

Ubao huo ndio uutangulize. Kaa leo uandike kwenye karatasi kila kilichotokea tangu kaka alipokuomba hadi ulipotundikwa. Nenda Kibirizi asubuhi, usimame pembeni uangalie watu wanausomaje. Bango la albamu lipeleke pia, liwe la pili.

MzeeWaChapa (Ujiji)

Nimekuwa kwenye mashine za kuchapa tangu 1988, kuanzia herufi za risasi hadi hizi za digitali. Naongeza ya kiwandani, maana madizaina wengi wanaokuja kwangu hawajui kazi yao inaishia wapi.

Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani, bluu. Mashine inatengeneza rangi kwa wino: sayani, majenta, manjano na nyeusi, hizo nne ndizo tunaziita CMYK. Kuna kijani na bluu kali za kwenye simu ambazo wino hauwezi kuzifikia kamwe. Ukiniletea faili la rangi za mwanga, mashine itazigeuza yenyewe na wewe utakuja kugomba kwamba nimepausha. Panga kwa CMYK tangu mwanzo, na kama unaweza chapa karatasi moja ya majaribio kabla ya mteja kukubali.

Picha ya kushikwa mkononi, nukta 300 kwa inchi. A4 nzima kwa kipimo hicho ni pikseli 2480 kwa 3508. Bango la barabarani linalosomwa kutoka mbali halihitaji hivyo, hata nukta 100 linatosha, ukiweka 300 unanijazia kompyuta bure. Nembo msiniletee kama picha iliyotoka WhatsApp. Nileteeni vekta, yaani mchoro wa mistari usiotegemea nukta, hiyo unaikuza hadi ukubwa wa ukuta na ukingo wake haukwaruziki. Na kama hamna njia ila WhatsApp, tumeni kama dokumenti, maana ukiituma kama picha inabanwa.

Rangi ikifika ukingoni mwa karatasi, ipitishe nje milimita 3 kila upande. Kisu hakikati kwenye mstari uleule mara zote, kinacheza. Bila ile milimita 3 unapata uzi mweupe pembeni na kazi nzima inaonekana ya ovyo.

La mwisho ndilo ninalowauliza vijana wanaokuja kuomba kazi kwangu. Maandishi madogo meusi yanawekwaje? Jibu: nyeusi asilimia 100 peke yake, nyingine tatu sifuri. Ukichanganya wino nne kwenye herufi ndogo, karatasi ikisogea kidogo tu herufi inapata kivuli chekundu na cha bluu, inakuwa kama unaona mbilimbili. Katika miaka yote hii wanaojibu hili bila kubahatisha ni wachache sana. Akilijibu, namwambia avue koti aanze.

Kijana wa Gungu

Shikamoo mzee. Nimeandika kwenye daftari. Sikuwa najua lolote kuhusu hiyo nyeusi.

MzeeWaChapa

Marahaba. Sasa unajua.

KasuluKwetu

Wakuu mnaongea vizuri lakini tuseme ukweli. Huku kwetu kazi ni kujuana. Nimehitimu mwaka wa tatu huu, nimeomba kila mahali, naambiwa nafasi imejaa kabla hata ya tangazo kubanduliwa. Nifundishwe kueleza chupa ya mawese ili nimweleze nani?

WinoNaRangi

Kaka, sikukatalii. Nimewahi kukaa nje ya ofisi moja toka saa mbili hadi saa tisa, na aliyeitwa ndani alikuja saa nane na nusu na hakuwa kwenye orodha. Inauma, na haitaisha kwa sababu mimi nimeandika uzi.

Lakini angalia na mlango huu. Kujuana kwa mtu asiye na mjomba kunaanzia kwa wateja wadogo. Mama mdogo alipopeleka mawese yake dukani, mwenye duka akamuuliza lebo kachora nani. Yule mwenye duka ndiye aliyenitajia ofisi inayotafuta mtu, sikuliona tangazo lolote. Kasulu una soko, una wauza maharage, una mashirika yanayohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ambayo kila wakati yanahitaji mabango ya afya na maji yanayoeleweka hata kwa asiyesoma. Fanya mbili tatu za kweli kwa watu wanaokuzunguka, ziweke jina lako kwa herufi ndogo pembeni kama mwenyewe akikubali.

Na za serikali usiache kuomba. Zile za Sekretarieti ya Ajira zina hatua zake: mchujo wa kuandika, vitendo kwa kada zinazohitaji, halafu mahojiano ya ana kwa ana. Nenda na vyeti halisi na kitambulisho. Hati za matokeo na vyeti vya muda hawavipokei, na wanasema hivyo kwenye kila tangazo, bado kuna watu wanarudishwa getini.

KasuluKwetu

Sawa dada. Bado nina uchungu lakini nimekusikia.

MamaAsali (Tabora)

Jamani mimi si dizaina, mimi ni mteja wenu. Nasindika asali hapa Tabora. Naomba niseme tunachoteseka nacho, huenda kikawasaidia huko kwenye usaili.

Nilitengenezewa lebo nzuri sana, rangi ya dhahabu, na ile mistari ya bakodi dizaina akaiweka nyekundu iendane na ua lililochorwa. Nikachapa nyingi. Nilipofikisha dukani, mashine ya kaunta ikagoma. Mhudumu anajaribu, anageuza kopo, anafuta kioo, wapi. Baadaye fundi mmoja akanieleza kwamba mashine nyingi zile zinamulika mwanga mwekundu, kwa hiyo mstari mwekundu kwake ni sawa na mweupe, haoni kitu. Mistari inatakiwa iwe myeusi, au bluu nzito, au kijani kilichokolea, juu ya mandhari nyeupe, na kushoto na kulia iachiwe nafasi tupu. Dizaina wangu alikuwa ameisogeza hadi ukingoni ili apate nafasi ya picha ya nyuki. Lebo zote nikazifunika kwa stika nyingine, moja moja, kwa mkono, mimi na binti zangu, hadi usiku.

Namba zenyewe ni tarakimu 13. Zinazotolewa kupitia GS1 Tanzania, wale wanaotoa namba za bakodi nchini, huanza na 620. Ukikutana na mteja anayekwambia "tunga tu namba yoyote", mkatalie.

Na mtuachie nafasi ya tarehe ya kutengenezwa, ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo. Hizo zinabadilika kila tunapofunga mzigo mpya. Ukijaza picha pale, nitazigonga wapi?

WinoNaRangi

Mama, huu mchango wako naupeleka ofisini kesho kama ulivyo. Vijana, kama mnakwenda kuhojiwa na ofisi inayotengeneza vifungashio, someni hapo juu mara tatu.

Ipuli_Kati (Tabora)

Naomba ushauri, nina kinyongo. Mwaka jana ofisi moja, sitaitaja, ilituita waombaji tisa. Kila mmoja akapewa kazi ya nyumbani: bango la tamasha lao, siku tatu, tulete likiwa tayari kwa kuchapwa. Hakuna aliyeajiriwa. Mwezi uliofuata nikapita barabarani nikakuta bango langu limetundikwa, wamebadilisha tarehe tu. Nilisimama pale nikalitazama kwa muda mrefu, fonti ni zile zile nilizokesha nazichagua. Nilishindwa hata kumwambia mtu. Nilikuwa na haki gani?

WinoNaRangi

Pole sana ndugu yangu. Hilo ni la kuumiza, na hukukosea kuumia.

Kazi ni yako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya sanaa tangu inapotengenezwa, huhitaji kuisajili kwanza ndipo iwe yako. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kunasaidia pale unapotakiwa kutoa ushahidi. Kama bado una faili la awali lenye leya zake zote (yale matabaka ya kazi) na barua pepe uliyowatumia, vitunze, vina tarehe. Ungeweza kuwaandikia barua ya kudai, na bado unaweza kwenda COSOTA ukawaeleza.

Kwa wanaokuja: kazi ya majaribio ya saa moja palepale ofisini ni halali kabisa, nasi tuliifanya. Kazi ya siku tatu kwa tukio lao la kweli ni kazi ya mteja. Uliza kwa upole kama italipwa ikitumika. Ukiamua kuifanya, peleka picha ndogo yenye jina lako limepita katikati, baki na faili la kuchapia. Ofisi inayotaka kukupima itaridhika na picha ndogo.

Ipuli_Kati

Barua pepe ninayo. Faili ninalo. Asante dada, nitaandika.

Mwembeni_Ujiji

Mimi swali langu ni dogo. Nikikosolewa mbele za watu machozi yananitoka hata sitaki. Chuoni ilinitokea mara mbili. Usaili nitauwezaje?

WinoNaRangi

Halina udogo wowote hilo mdogo wangu. Kabla ya siku hiyo, tafuta watu watatu wasio marafiki zako wa karibu, muuza chips, mwalimu wa jirani, fundi cherehani, uwape kazi yako uwaambie, "Nitajie kitu kimoja usichokielewa." Usijitetee. Andika tu. Mtu wa tatu akimaliza utakuwa umezoea sauti ya kukosolewa, na nusu ya watakayosema wahojaji utakuwa umeshayasikia.

Siku yenyewe shika kalamu na karatasi. Wakisema "hapa pamebanana", andika neno hilo kwanza, halafu uliza, "Ni maandishi yamebanana au ni picha?" Mkono ukiwa unaandika, macho yana kazi ya kufanya. Mimi ndivyo ninavyofanya mpaka leo na wateja. Na machozi yakija, yafute uendelee na sentensi yako. Pale kwetu msichana mmoja yalimtoka, akaomba radhi, akamaliza kueleza. Alieleza vizuri sana.

Mwembeni_Ujiji

Ndiye mliyemchukua?

WinoNaRangi

Ndiye.

Kijana wa Gungu

Wakuu nimerudi. Nimetoka huko sasa hivi, nimekaa hapa stendi naandika.

Nilikwenda na ubao wa bei. Sikubeba mbao, nilichapa picha yake ukiwa umetundikwa mwaloni, na picha ya ule wa kwanza niliouharibu. Jumapili nilisimama Kibirizi kama ulivyosema dada. Kumbe nilikuwa sijui nusu ya kazi yangu. Wanunuzi wengine wanatoka Burundi na Kongo kwa boti, wakifika hawasomi maneno, wanatafuta namba. Kaka alikuwa ameniambia "weka namba kubwa" na mimi nikafanya bila kujua kwa nini. Nikaona pia mzee mmoja anasogeza mkono hewani akifuata mstari kutoka "dagaa wa kukaanga" hadi bei yake, akapotea, akaanza tena. Mistari yangu ilikuwa mbali mno na namba zake. Usiku nikaurekebisha, nikasogeza bei karibu na jina, nikaweka nafasi kati ya mstari na mstari. Nikaenda na tatu: wa kwanza, wa pili, na wa usiku ule.

Waliniuliza "kwa nini namba ni kubwa kuliko majina?" Nikawaeleza habari ya boti. Mama mmoja kwenye jopo akacheka kwa furaha akasema yeye hununua dagaa palepale. Nilisema mapema kwamba nimetokea kwenye simu, wakanipa kompyuta yenye Inkscape, nikatengeneza kadi ya biashara. Nilimaliza ikiwa imebaki dakika nne, nikaisoma kuanzia mwisho. Niliona nimeandika "mawasilano", nikaongeza i.

Wamesema watapiga simu kabla ya Ijumaa. Bango la albamu hawakuliuliza kabisa.

WinoNaRangi

Hongera sana mdogo wangu. Umefanya kazi.

MzeeWaChapa

Hiyo kadi ya biashara, maandishi madogo uliyawekaje?

Kijana wa Gungu

Mzee, pale kwenye Inkscape nilikuwa na rangi za mwanga tu, CMYK sikuipata. Niliwaambia hivyo hivyo, nikasema kabla ya kuchapa ningeipeleka Scribus niweke nyeusi 100 peke yake. Yule baba wa pembeni, aliyekuwa hajasema neno tangu nianze, akainua kichwa akauliza nani kanifundisha.